Kahawa Ilipimwa, Abiria Hawakuhesabiwa

Walikuwamo wangapi? Tangu asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia Mwanza, swali hilo halijapata jibu moja. Hesabu inayotajwa zaidi ni ya watu 894 waliokufa. Wapo wanaosema idadi ilikuwa chini ya hapo, na wapo wanaoshikilia kwamba walipita 1,000. Meli ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha iliyokuwepo, ya daraja la kwanza na la pili, ilikuwa na watu 443, maana yake madaraja hayo mawili peke yake yalikwisha kupita kiwango cha meli nzima. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ukosefu wa karatasi hiyo umezoeleka kusimuliwa kama uzembe wa usiku mmoja, na lawama hushushwa kwa karani au nahodha. Mimi naona asili yake iko mbali zaidi. Tangu meli ya kwanza ya mvuke ilipoelea Ziwa Victoria, usafiri wa ziwa hili ulijengwa kwa ajili ya shehena, na mwenye shehena ndiye aliyeandikiwa karatasi. Abiria wa hali ya chini alikuwa nyongeza: alilipa nauli, akapanda, akatafuta pa kukaa. Karatasi iliyokosekana mwaka 1996 ilikuwa imekosekana kwa karibu miaka 100, na anayetaka kuuelewa msiba ule hana budi kuanzia kwenye biashara ya Bukoba na Muleba.

Ziwa lilikuwa na vyombo vyake kabla ya meli. Mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba ilipita kati ya Buganda, visiwa vya Sese na pwani ya Buhaya, ikibeba watu na bidhaa, ikiwemo kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa na kupewa mgeni mkononi. Mwaka 1875 msafiri Mzungu, Stanley, alilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, iliyotoka Uingereza ikiwa vipandevipande na kuletwa mabegani mwa wapagazi kutoka pwani. Bumbire, kisiwa ambacho leo kimo wilayani Muleba, kinakumbuka mashua hiyo kwa damu, maana Stanley alirudi Agosti mwaka uleule akawamiminia risasi wenyeji walioikataa safari yake ya kwanza. Baada yake, vyombo vikubwa vya kwanza vya ziwa viliingia kwa mtindo huohuo wa vipande. SS William Mackinnon iliagizwa mwaka 1895 na kuundwa Paisley, Scotland, lakini ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900 tu, kwa kuwa reli ilikuwa bado inajengwa na safari ya vipande vyake ilikuwa ndefu. Zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Kule Scotland meli iliungwa kwanza kwa boliti tu, ili kuhakikisha kwamba kila kitu kinakaa mahali pake. Kisha kila bamba la chuma, kila taruma na kila kipande cha sitaha kikapigwa namba, meli ikafunguliwa yote, ikafungashwa, ikapakiwa melini hadi Mombasa na kuletwa ziwani. Mafundi wa Kisumu waliipanga upya kwa kufuata namba zile, kisha wakaikaza kwa ribiti, safari hii moja kwa moja. Bamba moja likipotea njiani, kazi ilisimama mpaka lingine liletwe. Kwa hiyo meli za ziwa hili zilizaliwa katika mikono ya watu waliojua kuhesabu kwa makini ya ajabu, na anayedai kwamba kuhesabu kulikuwa nje ya uwezo wa wakati ule atapata tabu kueleza jinsi maelfu ya vipande vilivyotoka Scotland vikafika Kisumu bila kuchanganyikana.

Bukoba ilianzishwa kama kituo cha Wajerumani na Emin Pasha mwezi Novemba 1890, lakini mji huo wa Kijerumani uliishi kwa reli ya Waingereza. Reli ya Uganda iligusa ziwa huko Kisumu Desemba 1901, na hapakuwa na reli ya Kijerumani upande wa kusini wa kushindana nayo. Ile ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka. Ngozi na kahawa ya Buhaya vilivuka ziwa kwenda Kisumu, vikashuka Mombasa. Ndiyo maana vita vilipokuja, Bukoba ilishambuliwa kwa meli zilizozoea kuja kuchukua mizigo. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliteremka kutoka Usoga, Rusinga, Nyanza na nyingine, yakaulipua mnara wa simu ya upepo na mji ukaporwa. Askari waliobebwa siku zile walikuwa na majina katika madaftari ya vikosi vyao. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba vita vyote vya Afrika Mashariki mgongoni walikufa kwa makumi ya maelfu, na hesabu yao kamili haijapatikana mpaka leo. Naitaja habari hii kwa sababu mgawanyo huo wa wanaoandikwa na wasioandikwa utarudi katika meli za amani.

Kahawa ndiyo iliyoupa mgawanyo huo mizizi. Chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, mbuni uliokuwa mti wa heshima uani kwa Mhaya ukawa zao la kulipia kodi, kusomeshea watoto na kuezekea mabati. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba kiliandikishwa, kikiunganisha vyama vya msingi vya vijijini, kuanzia Bukoba hadi Kamachumu na Muhutwe, sehemu ambazo leo ni Muleba. Mkulima alileta kahawa yake ya maganda kwa karani wa chama cha msingi. Gunia likatundikwa kwenye mizani, mshale ukatulia, uzito ukasomwa kwa sauti ili mwenye mali asikie, kisha jina lake likaandikwa kitabuni pamoja na uzito na fedha anazodai, naye akapewa stakabadhi. Mjini Bukoba kahawa ilikobolewa, ikapangwa kwa madaraja, ikafungwa katika magunia yenye alama, na gatini ikaandikiwa hati ya shehena. Ng'ambo ya pili ilihesabiwa tena. Likipungua gunia, yupo mtu wa kuulizwa, na swali lilikuwa na nguvu kwa sababu lilikuwa na karatasi nyuma yake.

Mkulima yuleyule alipopanda meli kwenda kumsalimia mwanawe Mwanza au kufuata kibarua Uganda, alikuwa mtu mwingine kabisa machoni pa meli ileile. Wakati wa ukoloni madaraja ya reli na meli yalifuata rangi kuliko nauli: vyumba vilikuwa vya Wazungu, wenye maduka wa Kihindi wakafuata, na Mwafrika akawa wa daraja la tatu, kwenye sitaha, kati ya magunia na mbuzi. Abiria wa chumba aliandikwa jina kwa sababu kitanda kina namba, na kitanda kimoja hakiwezi kupewa watu wawili. Wa daraja la tatu hakuwa na kitanda, kwa hiyo hakuwa na namba, na tiketi yake ilithibitisha jambo moja tu, kwamba nauli imelipwa. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake ya kihasibu: kampuni iliandika kile ambacho ingeweza kudaiwa. Gunia lililopotea lilidaiwa. Mzee wa Kanyigo au Nshamba aliyekesha kwenye sitaha hakuwa na mdai.

Uhuru ulibadilisha rangi ya waliolala vyumbani, ukauacha utaratibu wa sitaha kama ulivyokuwa. Nasema hivi nikiikumbuka vizuri heshima ya MV Victoria. Meli hiyo iliundwa na Yarrow wa Glasgow mwaka 1959, ikaletwa Kisumu vipandevipande kama bibi zake, ikaanza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na ilikuwa na nafasi ya watu 1,200 na tani 200 za mizigo. Hii ilibuniwa kwa kumfikiria abiria kwanza. Zikaja Umoja na Uhuru za kubeba mabehewa ya reli, na huko Kemondo kukawa na gati la kupokelea mabehewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, chini ya Shirika la Reli. Kwa vizazi viwili, Victoria ilikuwa ndiyo barabara kuu ya Kagera. Ilipakia Bukoba jioni, ikapita Kemondo kuwachukua watu wa Muleba, ikaamkia Mwanza. Mikungu ya ndizi, senene wa Novemba, wanafunzi na masanduku yao, majeneza ya waliorudishwa kuzikwa nyumbani, vyote vilipita humo.

Msomaji anaweza kunisimamisha hapa na kuniuliza: kama desturi ya kutohesabu ndiyo iliyoua, mbona Victoria ilisafiri nusu karne kwa desturi hiyohiyo bila kuzama? Pingamizi ni la haki. Jibu langu ni kwamba ukubwa wa Victoria ulikuwa ukiifichia desturi makosa yake. Meli yenye nafasi ya 1,200 ikizidishiwa watu inainama kidogo na kurudi. Makosa ya hesabu yalimezwa na umbo lake, na kila safari iliyofika salama ikawa ushahidi, kwa wakubwa na kwa abiria, kwamba hakuna kosa. Kisha chombo kidogo kikapewa njia ileile, gati zilezile na umati uleule.

Chombo hicho kilikuwa MV Bukoba, iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na uwezo wa tani 850 za mizigo na abiria 430. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja: karibu tani mbili za mzigo kwa kila mtu mmoja. Ni meli ya shehena iliyowekewa watu juu. Usiku wa Jumatatu, 20 Mei 1996, iliondoka Bukoba, ikapita Kemondo, ambako watu na mikungu ya ndizi viliongezeka, ikashika njia ya Mwanza. Ilipopinduka asubuhi, sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji, na waliokuwa karibu walisikia walio ndani wakigonga. Chuma kilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ilitoka, nayo ikazama nao. Waliokuwa wakitoboa hawakujua ndani mna watu wangapi wala wako upande gani. Wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa miili, na wengi wa waliotolewa walizikwa Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la wahandisi. Meli ile, wanasema, ilikuwa na tatizo la wizani lililojulikana tangu mwanzo. Haikusimama sawasawa majini, na hata ingebeba idadi halali ya watu ingekuwa ya hatari. Orodha ingesaidia nini? Tena uzito wa binadamu ni mdogo: watu 400, kila mmoja kilo 60, ni tani 24 tu, katika meli ya kubeba tani 850. Hoja hii naiheshimu, lakini ikichunguzwa inanisaidia mimi. Gunia la kahawa hukaa ngamani, chini kabisa, nalo halihami. Kadiri uzito unavyokuwa chini ndivyo meli inavyosimama imara, ndiyo maana mabaharia wakikosa mzigo hutia farumi. Mtu husimama juu, kwenye sitaha, na hutembea. Mji ukionekana, mia kati yao huenda ukingoni upande mmoja kuutazama. Mvua ikipiga, wote hukimbilia upande mwingine. Tani 24 zilizo juu na zinazohama zina madhara kuliko tani mara kadhaa ya hizo zilizotulia chini. Kwa meli iliyo dhaifu wa wizani, basi, mzigo unaohitaji kuhesabiwa kwa makini kuliko wote ni watu, na ndio pekee ambao haukuhesabiwa. Ugonjwa wa meli ulijulikana. Ambacho nahodha hakuweza kukijua, akiwa gatini Kemondo, ni amembeba nani na wangapi juu ya ugonjwa huo.

Lipo pingamizi jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini, na lenyewe linanigusa zaidi. Inasemwa kwamba kumwachia kila mtu apande ilikuwa huruma. Barabara ya kupitia Biharamulo ilikuwa ya vumbi na matope, yenye majambazi katika misitu yake. Meli hazikuwa nyingi. Na mwenye msiba Mwanza hawezi kuambiwa asubiri safari nyingine. Karani aliyemzuia mama mwenye mtoto mgongoni angeitwa katili na gati zima. Yote hayo ni kweli. Lakini huruma haikuzuia kuandika. Anayeruhusiwa kupanda kwa huruma anaweza kuandikwa jina kwa huruma hiyohiyo, na karani anayeandika ataona mwenyewe mstari wa 430 unapofika. Wala tusiambiwe kwamba ni umaskini. Daftari na kalamu ni vitu ambavyo kila chama cha msingi, kuanzia Kanyigo hadi Nshamba, kilikuwa navyo tangu miaka ya 1950, na makarani wa kuvitumia walikuwepo, katika mkoa ambao wamisionari walifungua shule mapema na wazazi wakazijaza. Watu waliojua kuandika kilo za kila mkulima kwa robo na nusu hawakushindwa kuandika majina ya wasafiri. Hawakutakiwa kufanya hivyo.

Wala haikuwa aibu ya Afrika peke yake, na hapa ndipo Ulaya ya kaskazini inapokuwa funzo. Huko pia vivuko vikubwa vinabeba malori, magari na watu kwa pamoja, na huko pia mzigo ulitangulia. Herald of Free Enterprise ilipopinduka nje ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987, ikaua watu 193, uchunguzi ulifichua kwamba manahodha wa kampuni ile walikwisha kulalamika zaidi ya mara moja kuwa meli zinazidishiwa abiria na kwamba hesabu wanayopewa haiaminiki. Baada ya hapo Uingereza ikalazimisha kuhesabu. Estonia ilipozama katika Bahari ya Baltiki usiku wa 28 Septemba 1994, ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, ilijulikana kwamba waliokuwamo ni 989, waliookoka 137, waliokufa 852. Msiba wa ukubwa karibu sawa na wa kwetu, miezi 20 kabla ya wetu. Ila kule kila familia iliweza kuonyeshwa jina. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ukaweka sheria kwamba kila abiria ahesabiwe kabla meli haijang'oa nanga, na kwa safari inayozidi maili 20 za baharini majina yaandikwe na kuwekwa nchi kavu. Bukoba hadi Mwanza ni safari ya usiku mzima.

Kwetu somo liliingia nusu. Kampuni ya meli ilitenganishwa na Shirika la Reli mwaka 1999, na mamlaka za kusimamia vyombo zikaundwa. Lakini tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka kikitoka Bugorora na kukaribia kisiwa cha Ukara, wakafa 228. Aliyekuwa akikata tiketi alikufa nao, na mashine iliyohifadhi hesabu ikapotea majini. Hesabu iliyokuwepo ilisafiri ndani ya chombo, ikazama nacho. Kama nakala ingebaki gatini Bugorora, watu wa Ukara wasingengoja miili itolewe ndipo wajue wamepoteza nani.

Naweza kuambiwa kwamba zama hizo zimekwisha. Lami imefika Bukoba, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na meli zenyewe zimebadilika. Victoria ilikarabatiwa ikarudi kazini mwaka 2020. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imeundwa kwa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, yaani theluthi moja ya tani kwa kila mtu, pale ambapo MV Bukoba ilikuwa na karibu tani mbili. Namba hizo zinasema waziwazi kwamba abiria ametangulizwa, nami nazifurahia. Ila barabara na daraja haviendi Bumbire, Ikuza, Goziba wala Mazinga. Visiwa hivyo vya Muleba vina shule, zahanati, masoko ya dagaa na sangara, na watu wanaokwenda na kurudi kila siku ya Mungu. Kwenye mialo ya Muleba mtumbwi wa injini hupakia magunia ya unga, makreti ya soda, mabati na madumu ya petroli, na msimamizi wa mzigo husimama ufukweni na kijidaftari, akitia alama kila kitu kinapoingia, maana mwenye duka kisiwani atauliza. Watu hupanda mwisho, juu ya magunia. Ubavuni mwa mtumbwi imepakwa namba ya usajili kwa rangi nyeupe, inasomeka hata ukiwa umekwenda mbali.